Kwa Nini Chris Froome Alisubiri

Julai 2012, katika milima ya Alps nchini Ufaransa, Chris Froome alifanya jambo lililowashangaza wengi. Ilikuwa hatua ya 11 ya mashindano ya baiskeli ya Tour de France, kwenye mlima wa La Toussuire, na zilikuwa zimebaki kilomita chache kufika kileleni. Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alichomoka ghafla akamwacha nyuma kiongozi wa timu yake ya Sky, Bradley Wiggins, ambaye ndiye aliyekuwa na jezi ya manjano ya anayeongoza mashindano. Punde maelekezo yakamfikia kwa redio ya sikioni. Akageuza shingo, akalegeza miguu, akamngoja mwenzake. Siku kumi baadaye Wiggins alitawazwa bingwa jijini Paris, naye Froome akamaliza wa pili kwa tofauti ya dakika 3 na sekunde 21.

Mwanariadha wa mita 10,000 hamsubiri mtu aliye nyuma yake. Kwa nini mwendesha baiskeli asubiri? Ukilijibu swali hilo, umeielewa kazi hii yote, tangu kijana anaposajiliwa hadi anapostaafu.

Chanzo ni upepo. Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji huishia kupambana na hewa iliyo mbele yake. Anayejikinga nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa takriban theluthi moja ya nguvu hizo. Tour ina hatua 21 na zaidi ya kilomita 3,300. Asiye na watu wa kumkatia upepo huufikia mlima akiwa amekwisha. Lakini mlima ukishakuwa mkali na mwendo ukashuka hadi kilomita 20 kwa saa, hewa hupungua ukali, na nguvu halisi ya kila mmoja hujitokeza. Ndiyo maana ilikuwa La Toussuire, si barabara ya bondeni, iliyoonyesha kwamba siku ile msaidizi alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko ya bosi wake.

Kwa hiyo kila timu huchagua kiongozi mmoja, na waliobaki humfanyia kazi. Wapo wanaoongoza msafara tangu asubuhi wakikata upepo. Wapo wanaorudi kwenye gari la timu na kujaza chupa za maji ndani ya jezi, kisha wakapanda tena kuwagawia wenzao. Wapo wanaomvuta kiongozi mlimani mpaka wao wenyewe wakasimama. Zawadi ya bingwa wa Tour, euro 500,000, kwa desturi hugawanywa kwa wenzake, kwa sababu kila mtu ndani ya timu anajua zilivyopatikana.

Mfumo huu unafanana na upatu. Unachangia zamu za wenzako ukitumaini kwamba zamu yako itafika. Tofauti yake ni kwamba hapa wengi huchanga maisha yao yote na zamu isiwafikie.

Froome alianza kuchanga mapema. Alijifunza mchezo kwa David Kinjah, Mkenya aliyewakusanya na kuwafunza vijana karibu na mji wa Kikuyu, kisha akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006. Mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza, na mwaka 2010 akaingia Sky. Katika mashindano ya Vuelta ya Hispania ya 2011 alitumwa kumsaidia Wiggins, akamaliza wa pili kwa sekunde 13 tu. Miaka minane baadaye aliyemshinda alivuliwa taji kwa kosa la dawa, na Froome akatangazwa bingwa.

Zamu yake ilifika 2013. Katika hatua ya 18 ya Tour ya mwaka huo, akipanda mlima wa Alpe d'Huez akiwa na jezi ya manjano, sukari mwilini ilimwishia. Richie Porte, msaidizi wake, alikwenda kwenye gari la timu akamletea jeli ya sukari, katika kilomita za mwisho ambako kanuni hairuhusu kupokea chakula. Wote wawili walitozwa adhabu ya sekunde 20. Sekunde hizo zilikuwa bei nafuu, maana mtu aliyeishiwa sukari mlimani anaweza kupoteza dakika nyingi. Froome alitwaa taji lake la kwanza la Tour kati ya manne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Katika miaka hiyo mmoja wa wachangaji wake alikuwa Geraint Thomas, aliyevunjika nyonga siku ya kwanza ya Tour ya 2013 na bado akaimaliza. Mwaka 2018 zamu ilimfikia Thomas. Froome alipoishiwa nguvu kwenye milima ya Pirenei, hakung'ang'ania ukubwa. Alimfanyia kazi aliyekuwa msaidizi wake, na akamaliza wa tatu.

Juni 2019 alianguka vibaya akiwa mazoezini huko Roanne, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Hakurudia tena kiwango chake cha ubingwa.

Kwetu Afrika Mashariki swali huwa ni lini tutampata Froome mwingine, na jibu letu la haraka ni kutafuta kijana mwenye mapafu na miguu. Vijana hao wapo, na wanaonekana kila siku wakibeba mizigo kwa baiskeli milimani. Wanachokosa ni timu na mashindano ya mara kwa mara, kwa sababu hakuna anayejifunza kukata upepo na kuaminiwa akiwa peke yake barabarani. Rwanda imeshaanza kujenga msingi huo kwa Tour du Rwanda, na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Fedha za umma na za wadhamini ziende kwanza kwa walimu wa aina ya Kinjah, kwenye vikundi vya vijana kumi au ishirini wanaoshindana pamoja mwaka mzima. Bingwa hutoka ndani ya kikundi cha namna hiyo, na hata asipotoka, wasaidizi watakuwapo, na hao nao wana kazi na mshahara Ulaya.