Kabla hujachangisha pesa za CT ya shingo

Umesimama mbele ya kioo, ukameza mate, na kitu kidogo kikapanda na kushuka shingoni. Usiku ukauliza Google, ikakujibu kansa. Kufikia asubuhi, watu wa ploti yenu Umoja wamefungua kikundi cha WhatsApp: CT, MRI, ikibidi PET. Tulia kwanza.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya koo, chini kidogo tu ya ngozi. Ndiyo maana mashine inayoiona vizuri ni altrasaundi, ile ile wanayopigwa akina mama wajawazito. Unapakwa jeli, kifaa kinapitishwa shingoni, hakuna mionzi. Inaona kivimbe cha milimita 2 au 3. Na si ukubwa tu unaoangaliwa: kivimbe cheusi kuliko tezi yenyewe, chenye kingo zisizo laini, vidoa vyeupe vya chokaa kama mchanga, au kirefu kwenda ndani kuliko upana wake, hicho kinamtia daktari wasiwasi. Kilichojaa maji matupu hakimsumbui.

CT inaweza kupita kivimbe kidogo bila kukiona. Kazi yake ni pale tezi imeteremka nyuma ya mfupa wa kifua, au kansa imeshasambaa. Tena dawa inayodungwa kabla ya picha ina iodini nyingi, na ukija kuhitaji matibabu ya iodini yenye mionzi, utasubiri wiki kadhaa. PET ipo Nairobi, Aga Khan wameanza nayo 2018, lakini hata kivimbe kisicho kansa huwaka humo.

Anayesema ni kansa au si kansa ni sindano nyembamba. Kikiwa chini ya sentimita 1, mara nyingi hata hiyo husubiri. Korea Kusini walipima shingo za watu wazima kiholela. Kufikia 2011 kansa hizi zilikuwa mara 15 ya zile za 1993, na vifo vikabaki vilevile. Wengi walikatwa tezi, sasa ni vidonge kila siku. Hospitali ya Kuma, kule Kobe, Japani, imekuwa ikizifuatilia ndogo kwa altrasaundi tangu 1993, na nyingi hazikui.

Kwa hivyo ukitoka Mama Lucy au kliniki ya mtaani, soma ripoti: iwe na milimita, alama ya TI-RADS ya 1 hadi 5, na hali ya tezi za limfu. Ikisema tu "uvimbe upo", rudi uulize. Lakini kama sauti imekauka, au kivimbe ni kigumu na kinakua haraka, usingoje wikendi.