Mbele ya kupanda bulbi ya Afrika Kusini, uliza mvua yake

Wandugu, tangu nilimaliza licence ya agronomia, watu wa kartiye wananiletea mifuko midogo yenye picha ya maua. Swali ni moja: "Agronomu, hii itatoka huku Lubumbashi?" Mimi siangaliaka picha. Ninauliza jina, juu jina linanipeleka fasi mmea ulizaliwa, na fasi hiyo inaniambia mvua yake.

Afrika Kusini iko na mvua za namna mbili. Upande wa mashariki, KwaZulu-Natal na milima ya Drakensberg, inanyesha wakati wa joto, mwezi wa 10 mpaka wa 3 hivi. Kule Cape Town mambo yamegeuka: mvua inakuja na baridi, mwezi wa 5 mpaka wa 8, na wakati wa joto udongo unakauka kabisa. Sasa, bulbi ni ghala ya chakula. Mmea unajificha ndani wakati maji hayapo, unalala. Ile ya mashariki inalala wakati wa baridi, ile ya Cape inalala wakati wa joto.

Na sisi? Mvua yetu inaanza kushika mwezi wa 11, inaisha mwezi wa 4. Tuko ndugu wa mashariki. Glayeli, Crocosmia, Eucomis, Agapanthus: zipande mvua ikikaribia, zitajitafutia zenyewe. Lakini Freesia, Sparaxis na Lachenalia ni watoto wa Cape. Ukizipanda mwezi wa 11, unazizika ndani ya udongo wa joto uliojaa maji wakati ziko mu usingizi, na zinaoza mbele ya kutoka. Watu wanasemaka udongo wa lupango yao ni mubaya, wengine wanasema jirani ana mkono mubaya. Hapana, ni kalenda tu.

Za Cape zinawezekana huku, ila kinyume. Ngoja mvua ikatike mwezi wa 4. Toboa ndoo chini, weka udongo wa majani na mchanga wa mto nusu kwa nusu, panda, nyunyizia maji mpaka mwezi wa 8 ama wa 9. Ile baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 inayotuvalisha makoti njo zinaitafuta. Majani yakigeuka manjano, kata maji kabisa, ndoo iende chini ya paa mpaka mwezi wa 4 ingine.

Jina likipotea, ngoja ua lifunguke na uhesabu etamini, vile vijiti vyenye vumbi ya manjano. Zikiwa 3, uko na jamaa ya Iridaceae: glayeli, Freesia, Watsonia. Hizo, chini haziko na bulbi ya kweli yenye magamba kama kitunguu, ziko na kitu kigumu kilichojaa, kinaitwa kormu. Etamini zikiwa 6 na maua yote yanatoka pamoja juu ya shina kama mwavuli, ni jamaa ya Amaryllidaceae: Nerine, Clivia, Agapanthus. Zikiwa 6 na maua yamepangwa kando ya shina kutoka chini kupanda juu, fikiria Lachenalia, ama Eucomis, ile yenye kilemba cha majani kama nanasi.

Kitu kimoja kinanikasirishaka: "amarilisi" ya ndani ya boksi. Ile kubwa nyekundu ni Hippeastrum, inatoka Amerika ya Kusini. Amaryllis belladonna ya kweli ni ya Cape. Kata shina la ua: Hippeastrum iko wazi ndani kama bomba, belladonna imejaa. Haiko mambo ya kujionyesha na Kilatini, juu moja itapokea mvua yetu vizuri na ingine itaikataa.

Mwenye kutafuta feza, ningemwambia aanze na glayeli. Gladiolus dalenii inaota yenyewe porini kutoka Afrika Kusini mpaka huku Katanga, na damu yake iko ndani ya glayeli kubwa za bustani, zile Ubelgiji ilianza kuchanganya mu karne ya 19. Panda kormu sentimita 10 chini, 15 kati ya moja na ingine. Mpaka ua ni siku 70 hadi 100 hivi, kwa hiyo kwa ndoa ya mwezi wa 12 hesabu ukirudi nyuma, na upande kidogo kidogo kila wiki mbili. Kata shina wakati maua ya chini yanaanza kuonyesha rangi, lakini uache majani 4 ku mmea. Kormu ya zamani inakufa kila mwaka, mpya inaota juu yake, na majani hayo njo yanailisha.

Tena, kwa wenye watoto: bulbi nyingi za Amaryllidaceae ziko na sumu, likorini, inatapisha vibaya. Boophone disticha ni kali zaidi, zamani Wasani waliipaka ku mishale. Zikiwa kavu bila majani, zinafanana na matungulu. Andika jina ku mfuko, weka juu, mbali na jikoni.