Mtaro wa Mbugani ni wa Kijiji Kizima

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufundishwa mashuleni na kutajwa mikutanoni, lakini ni mara chache kuulizwa nani hasa apasaye kuuziba huo ufa, kwa fedha za fungu gani, na siku ipi. Leo tunapenda kulieleza jambo hilo kwa mfano wa kitu kidogo kisichopewa heshima yake, nacho ni mtaro wa kutolea maji shambani. Mfano wetu tunautoa mbali kidogo na Visiwa vyetu, huko Unyamwezi, katika mbuga za mpunga za Tabora.

Kwa msomaji wa Unguja na Pemba, Tabora si jina geni. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani na wapagazi wa Kinyamwezi ziliishia forodhani Unguja. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo, na hilo halifai kusahauliwa kila zinaposifiwa fahari za zama zile. Watu wa pwani waliohamia Unyanyembe, miongoni mwao baba yake Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, hawakupeleka nguo na shanga peke yake. Walipeleka pia miti ya matunda na mbegu za mpunga. Stanley alipofika huko mwaka 1871 alikuta mashamba ya mpunga na mahindi, bustani za vitunguu, na miti ya maembe na malimau kando ya matembe ya Waarabu. Mashamba hayo yalilimwa kwa jasho la watumwa. Utumwa umekwisha, watumwa na mabwana zao wote wamekwenda kwenye haki, lakini mpunga umebaki, na leo ni chakula na fedha ya mkulima wa kawaida.

Ili kuufahamu mtaro, yafaa kwanza kuifahamu ardhi yenyewe. Nchi ya Unyamwezi ni mawimbi ya miinuko na mabonde. Juu kuna mawe ya matale. Chini yake udongo wa mchanga ambao Wasukuma, majirani wa Wanyamwezi, huuita luseni. Chini zaidi kuna udongo wenye tabaka gumu uitwao itogolo. Na bondeni kabisa ni mbuga, yaani udongo mweusi mzito unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, ndiye aliyeupa mpangilio wa namna hii jina la kitaalamu katika miaka ya 1930, na jina hilo sasa hutumika duniani kote. Lakini mkulima aliujua mpangilio huo kabla ya mtaalamu. Mihogo na karanga aliziweka juu, penye mchanga. Mpunga aliuweka chini, katika majaruba yaliyozungushiwa matuta ya udongo ili kuyazuia maji.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kuwa mpunga, kwa kuwa hupenda maji, hauhitaji kutolewa maji. Ukweli ni kwamba jaruba bila njia ya kutokea ni kaburi la mpunga. Mvua ya Tabora hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia mwezi wa Novemba hadi Aprili, na huweza kumwagika kwa siku chache maji ambayo mkulima aliyatarajia kwa wiki nzima. Mche mchanga ukifunikwa na maji mpaka kwenye ncha zake kwa siku nyingi hufa. Mbolea huchukuliwa na mafuriko. Na mpunga ukishaiva, jaruba lisipokauka, wavunaji huvuna matopeni na punje huota zingali mashukeni. Mkulima wa mpunga, basi, anahitaji mambo mawili kwa pamoja: kuyazuia maji na kuyaachia. Tuta hufanya kazi ya kwanza, na mtaro hufanya ya pili.

Sasa mtaro hufaje? Haufi kwa siku moja. Juu, kwenye mchanga, miti ya miombo hukatwa ili kufungua mashamba ya tumbaku na kupata kuni za kukaushia majani yake katika mabani. Mvua ya kwanza hukuta ardhi tupu, ikachukua mchanga na kuuteremsha bondeni. Mchanga hutua mtaroni, kwa sababu hapo ndipo maji yanapopunguza mwendo. Majani huota juu ya mchanga, na majani hayo hukamata mchanga mwingine. Ng'ombe hushuka kunywa maji wakabomoa kingo. Mwenye jaruba la chini, akiogopa maji ya jirani yake wa juu, huziba mdomo wa mtaro kwa udongo usiku. Baada ya misimu michache mtaro umekuwa kichaka, na maji, kwa kuwa hayana adabu ya kungoja ruhusa, hujichimbia njia nyingine katikati ya shamba la mtu asiyehusika.

Ugonjwa huu si wa Unyamwezi peke yake, na wala si wa watu maskini peke yao. Huko Uingereza, ambako mashamba mengi ni ya udongo mzito, wakulima wa karne ya 19 walizika chini ya ardhi mabomba mafupi ya udongo wa kuoka, kila kipande kikiwa na urefu wa kama futi moja. Mwaka 1843 mtunza bustani aitwaye John Reade alionyesha mabomba ya mviringo ya namna hiyo, na miaka miwili baadaye Thomas Scragg akatengeneza mashine ya kuyafyatua kwa wingi. Mwaka 1846 serikali ya nchi hiyo ilianza kuwakopesha wenye mashamba fedha za kazi hiyo. Wamarekani nao waliyazika mabomba ya aina hiyo katika mbuga za Illinois na Iowa, na mbuga hizo zilizokuwa vinamasi zikawa ghala la mahindi. Mabomba yale hayakuunganishwa kwa saruji. Yalipangwa mdomo kwa mdomo, na maji yaliingia kupitia nafasi ndogo zilizobaki kwenye maungio.

Mengi ya mabomba hayo bado yamo ardhini, zaidi ya miaka 100 baada ya kuzikwa, na wakulima wa huko wangali wakiyatengeneza. Namna wanavyoyatengeneza ina mafunzo kwetu. Hawaanzi kwa kuchimba shamba zima. Huanza kwenye mdomo wa chini, mahali maji yanapotokea, kwa kuwa mdomo ukizibwa hata bomba zima huonekana bovu. Kisha hupanda juu wakitafuta dalili: doa la ardhi lisilokauka, shimo lililodidimia, maji yanayotoka yakiwa na tope. Wakilipata, hufukua hapo tu, hutoa kipande kilichovunjika au kilichojaa mizizi, na kuweka kingine chenye upana ule ule na mteremko ule ule. Kipande kikikaa chini kidogo kuliko wenzake, tope litatua hapo, na kazi itakuwa bure. Tena, katika majimbo hayo ya Marekani ziliwekwa sheria, tangu karne ya 19, za kuwaunganisha wenye mashamba katika wilaya za mitaro na kuwatoza gharama kwa pamoja, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba hakuna mtu awezaye kukausha shamba lake peke yake.

Hatusemi kuwa mabomba ya udongo yazikwe katika mbuga za Tabora. Udongo mweusi wa huko huvimba na kunywea kila mwaka, ungeyasogeza na kuyatenganisha, na maji yake hupenya polepole mno kufika bombani. Mtaro wa wazi ndio unaofaa, na uzuri wake ni kuwa hautengenezwi kwa kitu kinachoagizwa ng'ambo. Unahitaji jembe, sepetu, kamba na macho. Lakini kanuni za matengenezo ni zile zile. Kazi ifanywe kiangazi, baada ya mavuno, ardhi ikiwa imekauka. Ianzie chini na kupanda juu. Mtaro usichimbwe kwenda chini kuliko mdomo wake, maana maji hayapandi mlima. Tope litolewalo litupwe mbali na ukingo au litumike kuimarisha tuta, lisirundikwe mahali ambapo mvua ya kwanza italirudisha. Kingo zipandwe majani mafupi yenye mizizi mingi. Penye mteremko mkali pawekwe mawe ili maji yasichimbe korongo. Na ng'ombe wapewe kivuko chao kimoja kilichojengwa kwa mawe, kwani ng'ombe hatii mkutano wa kijiji.

Hayo yote ni mepesi kuyaandika. Swali gumu ni lile tulilolianza: nani atafanya? Historia ya nchi yetu imejaribu majibu mengi. Utumwa ulijibu kwa mnyororo. Ukoloni ulijibu kwa amri na faini. Na katika milima ya Uluguru, watu walipolazimishwa kuchimba matuta ya ngazi wasiyoyaamini, walikataa, na mwaka 1955 zikazuka ghasia. Mkoloni huyo huyo alijaribu pia kwa mitambo. Mpango wake wa karanga wa mwaka 1947, ambao Urambo iliyo magharibi ya Tabora ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vitatu, ulivunjika mwaka 1951 baada ya kula zaidi ya paundi milioni 36. Sisi nasi, baada ya Uhuru na Mapinduzi, tulitangaza mwaka 1972 kuwa Siasa ni Kilimo, na tulitangaza kwa haki. Lakini tusifichane: mara nyingi siasa yetu imependa zaidi siku ya kufungua mradi kuliko siku ya kuusafisha. Jiwe la msingi lina jina la kiongozi. Tope lililotolewa mtaroni halina jina la mtu.

Wala tusidhani kuwa hasara yake ni ya mkulima peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yaliikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, katika bonde ambalo misafara ya zamani ilipita ikielekea bara. Reli ile ile iliyofika Tabora mwaka 1912 ilinyamaza kwa miezi. Maji yakinyimwa njia yao huchukua njia ya watu, iwe ni jaruba, barabara au reli.

Visiwani kwetu tuna mabonde ya mpunga: Cheju, Kibokwa, Mtwango, Bumbwisudi, na mabonde mengi madogo ya Pemba. Mabonde hayo ni tumaini la kupunguza mchele tunaouagiza kutoka ng'ambo. Serikali imetumia fedha nyingi kujenga miundombinu ya umwagiliaji, na tunaipongeza. Lakini mfereji wa kuleta maji una ndugu yake pacha, mtaro wa kuyatoa, na pacha huyu mara nyingi husahauliwa katika hotuba na katika bajeti. Mkulima wa Cheju na mkulima wa Unyanyembe, ingawa bahari imewatenga, wanaomba jambo moja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mradi wa kilimo cha bondeni uwe na fungu la matengenezo la kila mwaka, lililoandikwa tangu siku ya kwanza, lisiloweza kuhamishiwa matumizi mengine. Pili, vijiji na shehia ziweke kanuni zao wenyewe kuhusu mitaro, ziamuliwe na wakulima mkutanoni, wake kwa waume, na zitaje wazi nani anasafisha kipande gani na anayeziba mdomo wa mtaro atatozwa nini. Huko Bara, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imezipa halmashauri za vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kinachokosekana ni kuutumia. Tatu, anayetengeneza mtaro atazame pia kilimani, kwani kuondoa mchanga bondeni huku miti ikikatwa juu ni kuteka maji kwa pakacha. Nne, mkuu wa wilaya na bwana shamba wapimwe kwa mitaro inayopitisha maji mwezi wa mvua, wala si kwa urefu wa mitaro waliyoifungua.

Kazi ya pamoja si jambo geni kwetu linalohitaji semina. Usukumani vijana hulima kwa safu huku ngoma ya bugobogobo ikiwapangia mwendo wa majembe. Visiwani tunao ujima wetu. Kinachotakiwa kwa viongozi ni kuitambua nguvu hiyo, kuipa zana, na kufika mtaroni mwezi wa Septemba kabla ya mawingu kukusanyika. Atakayengoja mwezi wa Januari atakuta mpunga umekwisha kuzama, na hapo itabidi atafute fedha za chakula cha msaada, ambazo siku zote huwa nyingi kuliko bei ya sepetu.