Kujifunza Elektroniki: Anzia Kwenye Betri, Si Kwenye Soketi

Mtumiaji anayetamani kujifunza elektroniki mara nyingi huanza kwa kufungua kifaa kilichoharibika: chaja ya simu, redio, au televisheni iliyozimika ghafla. Hamu hiyo ni njema, lakini mahali pa kuanzia si hapo. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ni mkondo geu ambao kilele chake hufikia volti 325 hivi. Televisheni ikishaugeuza umeme huo, huuhifadhi katika kapasita, na chaji hiyo yaweza kubaki humo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Anayeingiza bisibisi humo akidhani kifaa kimekufa aweza kupigwa na umeme. Mikrowevu ni hatari zaidi, kwa kuwa ndani yake mna volti zinazohesabiwa kwa maelfu. Mwanafunzi asiifungue kabisa.

Somo la kwanza lahitaji vitu vichache: betri ya volti 9, taa ndogo ya LED ya rangi nyekundu, rezista ya omu 470 na vipande vya waya. Rezista hiyo hutambulika kwa mistari yake ya rangi: njano, zambarau, kisha kahawia. Unganisha upande chanya wa betri na rezista, rezista na mguu mrefu wa taa, na mguu mfupi na upande hasi. Taa itawaka.

Sasa jiulize kwa nini rezista iliwekwa. Taa nyekundu hutumia volti 2 hivi. Volti 7 zinazosalia huangukia kwenye rezista. Gawanya 7 kwa 470, utapata ampea 0.015, yaani miliampea 15, kiasi ambacho taa ya aina hiyo kwa kawaida hukistahimili. Ukiiondoa rezista, mkondo huzidi na taa huungua. Ukiweka ya omu 1000, mkondo hushuka hadi miliampea 7 na mwanga hufifia. Hiyo ndiyo kanuni ya Ohm, na aliyeiona kwa macho haisahau upesi. Mwandishi wa makala haya aliifahamu akiwa amekwisha kuiharibu redio ya nyumbani, ambayo haikulia tena.

Kulehemu kwa risasi kusubiri hadi saketi kadhaa ziwe zimefanya kazi. Fanya kazi hiyo penye hewa ya kutosha, na unawe mikono kabla ya kula. Betri ya simu usiitoboe wala kuikunja, kwani yaweza kuwaka moto. Nyaya za nyumba nazo si uwanja wa mazoezi. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kifaa kinachostahili fedha yako mapema ni multimita. Kosa linaloziharibu nyingi ni kusahau waya mwekundu katika tundu la ampea, kisha kupima volti: mita hugeuka kuwa njia fupi ya umeme. Kwenye betri ndogo huenda fyuzi ikakatika tu; kwenye soketi, mita yaweza kulipuka mkononi. Kwa hiyo uliza kama mita ina fyuzi ndani, na utazame kama imeandikwa CAT II au CAT III pamoja na kiwango cha volti. Maandishi hayo hueleza mazingira ya umeme ambayo mita imeundwa kuyahimili, ingawa hayamruhusu anayeanza kuchokonoa soketi. Isiyo na maandishi yoyote itumike kwa betri pekee.

Dai risiti, na kabla ya kuondoka dukani mwombe muuzaji apime betri mpya ya AA ya alkali mbele yako. Mita isome kati ya volti 1.5 na 1.6 hivi. Ikisoma vinginevyo, jaribuni betri nyingine mpya. Jibu likiwa lilelile, iache mezani.