Jamvi Juu ya Mtama

Msafiri apandaye milima ya Uswisi wakati wa baridi, mbao za skii miguuni na mteremko mweupe usio na unyayo hata mmoja ukimngoja, aghalabu huitazama theluji mpya iliyoanguka usiku, laini kama pamba, akadhani kwamba hiyo ndiyo ya kupimwa. Ilhali linaloua, mara nyingi, ni tabaka jembamba la zamani lililolala chini yake, lisilofikiwa na jicho.

Kila dhoruba huacha tabaka lake, na kila tabaka hubadilika hata likiisha zikwa. Mwanzo wa msimu, theluji ikiwa haba na anga kavu, ardhi hubaki karibu na nyuzi 0 huku hewa ya juu ikiwa ya baridi kali. Basi mvuke hupanda, ukapenya katikati ya chembe na kuganda juu yake, hata chembe zikawa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana, mfano wa chumvi ya mawe. Upepo ukija kurundika juu yake theluji iliyosagika na kukazana, huwa ni jamvi lililotandikwa juu ya mtama: hutulia siku nyingi, hata mtu mmoja akakanyaga mahali pembamba, na jamvi zima likaondoka naye. Ndiyo maana wengi wafukiwao huwa wameliangusha poromoko wao wenyewe, au wenzao.

Huko Davos, mji wa Uswisi, ambako theluji imechunguzwa kitaalamu tangu miaka ya 1930, hutolewa kila siku ya msimu taarifa ya hatari kwa madaraja matano, kipimo walichoafikiana watu wa Ulaya mwaka 1993. Daraja la tatu, kwa kuwa liko katikati, huwahadaa watu wakaliona la wastani, nalo ndilo liualo wengi kuliko yote. Siku za daraja la nne, wengi hukaa nyumbani.

Lakini taarifa husemea jimbo zima. Aliye mlimani hutazama kwanza mwinamo, kwani poromoko la namna hii huhitaji nyuzi 30 au zaidi. Kisha ubavu uliokingika, ambako upepo hutua mzigo wake. Akisikia mguno mzito chini ya miguu, theluji ikididimia, au akiona ufa ukikimbia mbele ya skii zake, hana haja ya kipimo kingine.

Asiposikia kitu, huchimba. Hukata nguzo ya sentimita 30 kwa 30, akalaza sepetu juu yake na kuipiga mara kumi kwa kiganja, kumi kwa kigasha, kumi kwa mkono mzima tangu begani. Tuseme pigo la kumi na mbili: nguzo hukatika ghafla, na kipande cha juu kikamtelezea mapajani, chini yake kukiwa na chembe zinazomwagika vidoleni kama sukari. Nguzo isiyokatika haimpi amani, kwani hatua chache kando huenda hali ikawa nyingine. Iliyokatika hivyo imekwisha sema. Wenzake hufunga mikoba, na wote wakashuka kwa msitu ule ule waliopandia, ambako mwinamo haufiki nyuzi 25.