Pochi ya Sarafu za Kidijitali na Haki ya Warithi

Kijana wa Endabash mwenye simu aweza leo kumiliki Bitcoin pasipo benki wala karani. Hukumu yake wanazuoni wamehitilafiana: Dar al-Ifta ya Misri iliikataza mwaka 2018, wengine wairuhusu kwa masharti. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitangaza Novemba 2019 kwamba si fedha halali nchini. Na aulize kwanza. Lakini aliyekwisha kuazimia kujaribu kwa kiasi kidogo, naye apenda mambo yake yasitiriwe, yampasa ajue kuwa pochi ni za namna mbili.

Ya kwanza, kampuni hushika ufunguo, na aghalabu hudai kitambulisho. FTX ilipofilisika Novemba 2022, wenye mali walibaki mlangoni. Ya pili ni programu ya simuni mwako, ikupayo maneno 12 au 24. Ayajuaye ndiye mwenye mali. Hiyo twaiona bora, iwapo msimbo wake uko wazi kukaguliwa na mafundi. Maneno yaandikwe karatasini, yasipigwe picha. Wala asidhani amejificha kabisa: daftari la Bitcoin lasomwa na yeyote tangu mwaka 2009, basi kila apokeapo atumie anwani mpya.

Lakini akifa na siri yake, hakuna kadhi awezaye kuifungua pochi ile. Mama mwenye sudusi yake, mjane mwenye thumuni yake, hata wadai wa marehemu, wote hukosa. Aliificha mali kwa wezi, kumbe kaificha na kwa warithi! Basi karatasi itiwe katika bahasha iliyofungwa, na wasia utaje mahali ilipo mbele ya mashahidi wawili waadilifu, pasipo kuwasomea maneno yenyewe.