Namna ya Kuleta Mada Katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Msimu wa kuchuma ukimalizika na majamvi yakisha kukunjwa, huja wakati wa Mkutano Mkuu wetu wa mwaka. Katibu amekwisha kuwaandikia makatibu wa matawi yote, Unguja na Pemba, akiwataka wanachama walete mada, yaani mambo wanayotaka yazungumzwe mkutanoni. Kila mwaka barua hiyo hupelekwa, na kila mwaka majibu huwa machache; kisha siku ya mkutano yenyewe kila mtu ana neno. Basi twaona yafaa tueleze hapa namna mada inavyofikiriwa, inavyoandikwa na inavyoletwa, ili mwanachama yeyote, mwenye mikarafuu mitano au mia tano, aweze kuleta yake.

LILILOTUTOKEA

Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika mkutano mmoja wa miaka ya karibuni, mzee mmoja wa tawi la Pemba alisimama wakati wa "Mengineyo", ambalo ni jambo la mwisho katika orodha. Alitaka kusema juu ya wachumaji wanaopandishwa katika mikarafuu yenye matawi makavu. Alasiri ilikuwa imekwisha kuingia, wenzake wa Pemba wanatazama saa kwa ajili ya meli, na asubuhi nzima tuliimaliza kwa maneno ya bei. Mwenyekiti alimpa dakika 2. Katika kumbukumbu za mkutano tuliandika maneno haya tu: "Mjumbe mmoja alikumbusha usalama wa wachumaji." Hatukuandika nani atafanya nini.

Msimu uliofuata, katika tawi lile lile, kijana mmoja alikanyaga tawi kavu akaanguka. Alivunjika nyonga, na mpaka leo hapandi tena. Hatusemi kwamba mazungumzo yetu yangaliizuia ajali ile. Hayo ayajuaye ni Mwenyezi Mungu. Twasema kwamba mzee yule alikuwa na jambo, nasi hatukumpa mahali pa kuliweka. Naye hakujua kwamba angaliweza kuliandika miezi 2 mapema, likapewa saa nzima, asubuhi, watu wangali na nguvu za kusikiliza.

LALAMIKO NA MADA

Watu wengi hudhani kuwa wana mada, kumbe walichonacho ni lalamiko. "Bei haitoshi." "Mikarafuu inakufa." "Wachumaji wanaanguka." Yote hayo ni kweli, wala hapana aibu kuyasema. Lakini watu mia wakiketi saa nzima mbele ya neno kama hilo, watafanya nini? Watalirudia tu, kila mmoja kwa sauti yake.

Mada ni swali ambalo waliohudhuria waweza kulijibu, kisha wakaenda kulifanyia kazi. Kabla ya kuandika, mwanachama ajiulize mambo matatu. Kwanza, je, hili ni swali moja, au ni matatu yaliyofungwa pamoja? Pili, wenye jawabu wamo mkutanoni, au waweza kualikwa? Tatu, watu wakirudi makwao, watafanya nini ambacho jana hawakukifanya?

Tuchukue mfano wa bei. Sehemu kubwa ya bei ya karafuu hutokana na mambo yaliyo mbali nasi. Nchi ya Indonesia ndiyo yenye mavuno makubwa kuliko zote duniani, na watu wake wenyewe huzitumia karafuu nyingi katika sigara. Madagaska nayo huuza nyingi nchi za nje. Mavuno ya huko yakiwa mazuri au mabaya, sisi huku twayasikia. Mkutano wetu hauna nguvu juu ya hayo. Lakini lipo swali lililo ndani ya uwezo wetu: "Kwa nini karafuu za tawi letu huteremshwa daraja, na tufanye nini katika kuanika?" Hapo kila mtu ana la kusema. Twajua kwamba kilo 3 za karafuu mbichi hutoa karibu kilo 1 ya kavu, na kwamba karafuu iliyokauka vizuri haifai kubaki na maji zaidi ya sehemu 12 katika 100. Twajua pia kwamba karafuu mbichi zikirundikwa usiku kucha hupata joto, zikavunda na kupauka. Mwanachama aliyezianika baadhi juu ya sakafu na baadhi juu ya jamvi, akazipima zote na kuandika, huyo ana mada nzuri, hata kama hakusoma sana.

Mfano wa pili ni kufa kwa mikarafuu. Wataalamu waliochunguza mashamba ya visiwa hivi katika miaka ya 1940 na 1950 walitenganisha maradhi mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Moja ni kifo cha ghafla, ambapo mti mkubwa huanguka majani na kufa wote kwa muda mfupi. La pili ni kukauka kwa matawi, ambako huletwa na kuvu inayoingia penye jeraha, kwa mfano pale tawi lilipovunjwa. Akija mtu na mada "Mikarafuu inakufa", hatujui anasema lipi. Lakini akiuliza, "Tufanyeje tuchume bila ya kuvunja matawi?" swali lake lina mwanzo na mwisho, na wachumaji hodari wa kutumia upembo wataweza kumjibu.

Angalieni pia namna swali hili linavyokutana na lile la mzee wetu. Tawi likivunjwa msimu huu, jeraha hubaki. Kuvu ikiingia, tawi hukauka. Misimu ikipita, mtu hulikanyaga akiwa juu mita 10 kutoka chini. Mzee yule hakuwa akitaja ajali peke yake. Alikuwa akitaja namna tunavyochuma.

MAMBO SITA YA KUANDIKA

Mada yako itoshe ukurasa mmoja. Iandike kwa mambo haya sita.

1. Jina la mada. Mstari mmoja, na yafaa uwe swali.

2. Sababu. Umeona nini, wapi, mara ngapi? Hesabu ndogo uliyoifanya wewe mwenyewe ni bora kuliko maneno makubwa. Ukisema "miti mingi", hatujui ni mingapi. Pita shambani na karatasi, uhesabu.

3. Wasemaji. Si lazima awe mwenye mada. Ikiwa jambo ni la kupanda, na aseme mchumaji. Ikiwa ni la kuchambua, na waseme wale wanaokaa usiku wakitenga karafuu na makonyo, na wengi wao ni akina mama ambao hatujawasikia mkutanoni. Wasemaji wasizidi wawili, na uwaulize kwanza kama wamekubali.

4. Namna ya kuendesha. Yaweza kuwa maelezo, au maonyesho, au mazungumzo ya vikundi. Jambo la mikono, kama kufunga kamba, lionyeshwe. Maneno matupu hayatoshi.

5. Muda na vifaa. Taja dakika unazotaka, na vitu utakavyohitaji: mizani, jamvi, kamba, ngazi.

6. Matokeo. Andika azimio unalotaka mkutano ulipitishe, na nani alitekeleze. Hili ndilo husahauliwa na wengi, nalo ndilo tulilolisahau sisi.

Ili jambo hili lieleweke, tumeandika mada ya mzee yule kama ambavyo ingaliweza kuletwa. Mahali pa hesabu tumeacha wazi, kwa kuwa kila tawi lina hesabu yake.

Jina: Nani akague mkarafuu kabla mchumaji hajapanda?

Sababu: Katika mashamba ...... ya tawi letu tumehesabu mikarafuu ......, na yenye matawi makavu ni ....... Msimu uliopita walianguka watu ....... Hapana mtu aliyepewa kazi ya kuitazama miti kabla ya kuchuma.

Wasemaji: Mwenye shamba mmoja na mchumaji mmoja.

Namna: Maelezo, kisha maonyesho ya kulitambua tawi kavu na kuikagua kamba, kisha mazungumzo.

Muda: Saa 1. Maelezo dakika 10, maonyesho 15, mazungumzo 25, kuandika azimio 10. Vifaa: tawi bichi, tawi kavu, kamba mpya na kamba kuukuu.

Matokeo: Kila tawi la chama lichague watu 2 wa kuikagua miti kabla ya msimu. Mti wenye tawi kavu utiwe alama, na mwenye shamba asimpandishe mtu mpaka tawi hilo limekatwa.

Hayo tu. Hayana maneno magumu, na mtu ayasomaye anajua la kufanya.

NAMNA TUNAVYOCHAGUA

Wengine hunung'unika kuwa Halmashauri huchagua mada za watu wake. Basi twaeleza wazi. Mkutano ni wa siku moja. Tukiondoa ufunguzi, taarifa ya mwaka, hesabu za fedha na uchaguzi, hubaki karibu saa 4. Kwa hiyo mada zinazoweza kupata nafasi ya kutosha ni 4. Zikiletwa 15, hapana budi 11 zikose.

Kwanza twatazama kama mada inawahusu wanachama wengi, wa mashamba makubwa na madogo. Pili, kama msemaji analijua jambo lake kwa kulifanya. Tatu, kama ina azimio linalowezekana. Nne, twahakikisha kuwa Unguja na Pemba zote zimepata nafasi. Mada mbili zikifanana, huwataka wenyewe wakutane waziunganishe. Hatutazami mwandiko wala makosa ya herufi. Mada ya kumshitaki mtu kwa jina hatuipokei, kwani hiyo ina mahali pake penginepo. Wala mada ya kutangaza bidhaa.

Asiyepata nafasi ataandikiwa sababu. Mada yake yaweza kupelekwa katika mkutano wa tawi, au kuchapishwa katika jarida hili. Kukosa mwaka huu si kukosa daima. Na ailete tena, akiwa na hesabu ya msimu mwingine.

KULETA NA KUJITAYARISHA

Mada ifike miezi 2 kabla ya mkutano. Tarehe yenyewe imo katika barua aliyo nayo katibu wa tawi lako. Yaweza kuletwa kwa mkono, kwa barua au kwa ujumbe wa simu. Asiyependa kuandika amwendee katibu wa tawi, aseme naye aandike, kisha katibu amsomee tena mpaka aseme, "Ndivyo." Makatibu wote wameagizwa kufanya hivyo, wala asiwepo atakayemrudisha mtu kwa sababu hana kalamu.

Mada yako ikikubaliwa, usingoje siku ya mkutano. Waite jirani zako wachache chini ya mti, uwaeleze, na mmoja wao ashike saa. Dakika 10 hupita upesi kuliko mtu anavyodhani. Uwaulize walichofahamu, wakikuambia jambo jingine silo ulilokusudia, punguza maneno. Usije na karatasi ndefu ukaisoma huku umeinamisha kichwa. Chukua kitu cha kuonyesha, na kiwe kikubwa cha kuonekana na walio nyuma. Vibaba viwili vya karafuu, kimoja cha zilizokauka vyema na kimoja cha zilizopauka, vyapitishwa mkono kwa mkono, na kila mtu ataelewa.

Mwisho, ndugu wanachama, nasi Halmashauri tuna wajibu wetu. "Mengineyo" yatabaki, kwa kuwa huenda mtu akawa na jambo la dharura. Lakini tumekubaliana kuwa mwaka huu mada zitaanza asubuhi, mara baada ya taarifa ya mwaka, na kwamba kila azimio litaandikwa pamoja na jina la mtekelezaji. Katika mkutano utakaofuata tutayasoma maazimio hayo moja moja, tuulize lipi limefanywa na lipi halikufanywa.

Tumekwisha kumwendea mzee wetu wa Pemba, tukamtaka radhi, tukamwomba ailete mada yake. Alitusikiliza, kisha akaingia ndani akatoka na daftari. Mikarafuu yake na ya jirani zake alikuwa amekwisha kuihesabu tangu mwaka ule.

Twangoja na zenu.